Kadi ya Harusi ya Baba na Mama

Wazazi wanaofunga ndoa wakiwa na watoto wakubwa hukwama kwenye mstari wa kwanza wa kadi. Longisa, kwenye barabara itokayo Bomet kuelekea Mulot na Narok, jambo hili si kioja. Watu wawili walifanyiwa koito, mapatano ya ndoa kwa mila ya Wakipsigis, miaka mingi iliyopita, ng'ombe wakahama boma, wakajenga, wakalea, wakasomesha. Sasa kifungua mimba anatafuta kazi, kitinda mimba yuko sekondari, na wazazi wameamua kwenda kanisani au mbele ya Msajili wa Ndoa. Kamati imeketi, bajeti imepita, na mtu wa saiba mjini Bomet anangoja maandishi. Mfano ulio kwenye kompyuta yake ni ule ule wa siku zote: familia ya Bwana na Bibi Fulani ina furaha kukualika kwenye harusi ya binti yao mpendwa. Binti huyo ni mama wa miaka arobaini na kitu. Soko zima linamjua kwa jina la Mama Chebet, na huyo baba anayetajwa kuwa mwenyeji wa shughuli pengine alizikwa zamani. Kadi inamtoa kwao leo, ilhali alitoka kwao kabla Chebet hajazaliwa.

Upo mfano mwingine, nao ni wa Kifaransa. Ufaransani, watu waliokwisha kuwa wazazi wanapooana, kadi huweza kuandikwa kwa sauti ya watoto: hao ndio wanaowatangazia ndugu na marafiki, kwa furaha, kwamba baba na mama yao wanafunga ndoa. Nadai kwamba umbo hilo linazifaa familia za Longisa kuliko lile tulilolizoea. Sisemi hivyo kwa sababu Ufaransa ina sifa ya urembo. Sifa hiyo itoshe kuuza marashi. Nasema hivyo kwa sababu kadi ya Kifaransa huanza kwa kuuliza nani anatoa habari hii, kisha ikamwandika huyo juu kabisa.

Umbo tulilonalo lina asili ya Kiingereza. Katika desturi hiyo wazazi wa bibi harusi ndio wenyeji. Wao ndio wanaoomba ufike, na wazazi wa bwana harusi mara nyingi hawatajwi kabisa. Kenya tumelirekebisha kidogo kwa kuongeza jina la familia ya pili, lakini mantiki yake imebaki: msichana anatolewa nyumbani kwao. Kwa vijana wawili wasio na nyumba wala mtoto, mantiki hiyo haina ubaya. Kwa watu wenye boma, mashamba na wana, haina pa kushika.

Kadi ya jadi ya Kifaransa ni karatasi nzito, nyeupe au ya rangi ya maziwa, iliyokunjwa katikati. Upande wa kushoto ni wa familia ya bibi harusi, wa kulia ni wa bwana harusi. Kila upande huanza na wakubwa: babu na nyanya walio hai, kisha wazazi, na wote kwa pamoja ndio wanaotoa habari kwamba mjukuu wao, mtoto wao, anaoa au anaolewa. Katika mtindo mkongwe zaidi kila familia ilikuwa na karatasi yake. Mbili hizo zilipachikwa moja ndani ya nyingine, na kila upande ulipotuma kadi kwa watu wake uliweka karatasi yake juu. Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba kadi hiyo kubwa ni tangazo tu. Huenda kwa watu wengi, hata kwa shangazi aliye mbali asiyetarajiwa kusafiri. Mwaliko wa karamu huchapwa kwenye kadi ndogo ya pili, inayotiwa ndani ya bahasha za wale tu waliotengewa viti mezani. Kadi hiyo ndogo ndiyo inayobeba herufi R.S.V.P., herufi za Kifaransa ambazo nasi tumezichapa kwenye kadi zetu kwa miaka mingi, na namba za simu za wanakamati chini yake.

Watoto waliingiaje juu ya kadi hiyo? Mabadiliko ya maisha ndiyo yaliyowaingiza. Tangu katikati ya miaka ya 2000, zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa Ufaransa kila mwaka huzaliwa na wazazi ambao hawajaoana, na sheria haiwabagui: amri ya tarehe 4 Julai 2005 ilifuta katika sheria zao tofauti kati ya mtoto wa ndoa na mtoto wa nje ya ndoa. Wazazi wasiooana hupewa kitabu rasmi cha familia mtoto wao wa kwanza anapozaliwa, na wakija kuoana baadaye, kitabu hicho hicho huongezewa habari za ndoa. Halafu kuna sherehe yenyewe. Tangu 1792, ndoa inayotambuliwa na dola ya Ufaransa ni ile inayofungwa mbele ya ofisa wa serikali, siku hizi katika ofisi ya meya. Kanisa hufuata, kwa anayetaka. Kabla ya maharusi kukubaliana, ofisa huwasomea vifungu vya Sheria ya Madai, na kimojawapo, cha 371-1, chahusu mamlaka na wajibu wa wazazi kwa watoto wao. Bibi na bwana harusi wa miaka ishirini hukisikiliza kama habari ya kesho. Wazazi wanaooana hukisikiliza watoto wakiwa wameketi nyuma yao. Basi kadi inayowataja watoto hao haikuzua kitu. Imeandika yaliyokuwa tayari ukumbini.

Tukirudi Longisa, mtu ataona kwamba mila ya Wakipsigis iko karibu na kadi hiyo kuliko na ile ya Kiingereza. Kwanza, ndoa hapa ni jambo la pande mbili. Koito haifanywi na wazazi wa msichana peke yao. Ni watu wa koo mbili wanaoketi, wanaoulizana habari za ukoo, wanaotaja ng'ombe na kukubaliana. Hata ile sherehe ya kufungana nyasi za segutiet mikononi hufanyika mbele ya wazee. Kadi yenye familia moja tu ya wenyeji inapunguza yaliyotendeka, ile yenye kurasa mbili inayafuata. Pili, ndoa huja kwa hatua, na hatua hizo zinaweza kuachana kwa miaka. Wawili hao hawakuwa wakiishi bila ndoa kwa macho ya majirani, wala kwa macho ya sheria, maana Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina tano za ndoa, za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na inasema kwamba pale mila inapotaka mahari, kutoa sehemu tu yake kunatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Wanachotafuta sasa ni baraka ya kanisa, au cheti, au vyote viwili. Kadi inayoandika kana kwamba ndoa inaanza Jumamosi ijayo inaikosea adabu koito yao.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwangu, nalo ni la majina. Katika nchi hii mzazi huitwa kwa jina la mtoto. Mama Chebet akiandikwa kwenye kadi kwa jina lake la ubatizo na jina la baba yake, nusu ya wanachama wenzake wa chama hawatajua ni nani anayeolewa. Wataulizana kwa simu, kisha mmoja atacheka na kusema, "Kumbe ni Mama Chebet!" Kadi ambayo Chebet mwenyewe ndiye anayewaalika wageni haina shida hiyo. Inamtambulisha mama kwa jina ambalo jamii yake ilikwisha kumpa, na haihitaji maelezo mengine.

Tena wanaosema kwamba mtindo huo ni wa kigeni wafungue gazeti kwenye kurasa za matangazo ya vifo, au wasikilize redio za Kikalenjin kama Kass FM na Chamgei FM matangazo hayo yanaposomwa. Marehemu hutangazwa kuwa mwana wa fulani, mume wa fulani, baba wa fulani na fulani hadi wa mwisho, mkwe wa huyu, babu wa wale. Hakuna anayesahauliwa, na familia ikimsahau mtoto mmoja kesi huanza hapo hapo kaburini. Huo ndio utaratibu wa kadi ya Kifaransa, na si ajabu, kwani Wafaransa hutumia tangazo la namna moja kwa kuzaliwa, kwa ndoa na kwa kifo. Sisi tumeupokea kwa msiba peke yake. Sijaona sababu ya mtu kungoja afe ndipo watoto wake wote waandikwe kwenye karatasi moja.

Mtindo wenyewe, hata hivyo, umekwisha kutumika miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili. Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, kadi huandikwa kwa jina la familia mbili, na ratiba yake hutenganisha mahari, ndoa ya serikali na ibada ya kanisani, kila moja na siku yake au saa yake. Sheria ya Familia ya nchi hiyo, ya 1987, iliyofanyiwa marekebisho 2016, inaitambua mahari kama sehemu ya ndoa, kwa hiyo kuitaja kwenye kadi si pambo. Kwenye sehemu ya jina la mgeni huchapwa maneno ya kuchagua, bwana, bibi au wawili waliooana, ili ijulikane viti vingapi vimetengwa. Tanzania nao wana kadi ya mchango inayotangulia na kadi ya mwaliko inayofuata, ya mtu mmoja au ya wawili. Tofauti kati ya habari inayowaendea wengi na kiti kinachowaendea wachache inajulikana sana Afrika Mashariki. Kilichobaki ni kuitumia vizuri.

Pingamizi la kwanza litatoka kanisani, na lina haki ya kusikilizwa. Bomet ni nchi ya kanisa. Misheni iliyoanzisha Hospitali ya Tenwek ilikuwa ikifanya kazi hapa tangu miaka ya 1930, na Wakatoliki nao wana parokia zao. Mzee wa kanisa atasema: mkiwaweka watoto juu ya kadi, mnajivunia kile ambacho ibada inakuja kukirekebisha. Jibu langu ni kwamba kanisa lenyewe halifichi. Linabariki ndoa za watu wenye watoto waziwazi, mara nyingine jozi kadhaa siku moja, na katika Kanisa Katoliki nia ya maharusi hutangazwa mbele ya waumini kabla ya siku yenyewe. Watoto hao wamebatizwa hapo, wanaimba kwenye kwaya hiyo. Kuwaondoa kwenye kadi hakumfichi mtu yeyote chochote. Kunawafundisha watoto tu kwamba wao ndio aibu ya siku ile. Kama mchungaji ana wasiwasi, maneno yanaweza kupimwa. Kusema kwamba wazazi "wanafunga ndoa takatifu" au "ndoa yao inabarikiwa" kunaeleza kwa uaminifu jambo jipya lililokuja, bila kukana lililokuwapo.

Pingamizi la pili ni la wazee, nalo naliona zito kuliko la kwanza. Mtoto hawezi kumtangulia mzee kusema, na kadi inayoanza na jina la kijana wa miaka kumi na sita, huku nyanya yake akiwa hai na ana akili zake, ni utovu wa adabu. Hapa inafaa kufuata Kifaransa cha jadi kuliko cha kisasa. Katika kadi ya kisasa ya Paris watoto wanaweza kusimama peke yao. Katika ile ya zamani wakubwa hutangulia siku zote. Longisa ichukue mpangilio wa zamani na iongeze sauti ya watoto: juu, kushoto na kulia, wazee walio hai wa kila ukoo, katikati, chini yao, watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, kisha ndipo habari yenyewe. Watoto hawatangulii, wanaungana na wazee kuwaalika watu. Kwa familia ambayo wazee wote wamekwenda, watoto waliofikia utu uzima wanaweza kubeba kadi peke yao bila kumkosea mtu.

Familia zisizonyooka ndizo zitakazosumbua zaidi. Huenda mmoja wa watoto ni wa mume wa kwanza aliyefariki, au mwanamume ana mtoto aliyezaliwa nje na anayelelewa kwa nyanya yake. Wako watakaosema kwamba heri kuwaacha watoto wote kuliko kufungua maneno. Mimi naona kinyume chake. Kadi isiyotaja mtoto yeyote haimwumizi mmoja zaidi ya wengine, ni kweli, lakini inawaumiza wote kidogo. Dawa ni kuandika majina ya kwanza tu, mfululizo, bila kueleza nani ni wa nani, na kumwuliza kila aliye na umri wa kujieleza kama anataka jina lake liwepo. Akikataa, aachwe. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kulelewa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la, kwa hiyo jina lililopo au lisilopo kwenye kadi halimpi wala halimnyang'anyi haki hiyo. Ila kuna nyumba ambayo kadi hii haiifai hata kidogo: ile yenye wake wawili. Ndoa ya Kikristo na ya kiserikali ni ya mke mmoja, na Sheria ya Ndoa hairuhusu ndoa ya wake wengi igeuzwe kuwa ya mke mmoja isipokuwa kama mume ana mke mmoja tu wakati huo. Mwanamume anayempeleka mke wa pili kanisani kwa kadi yenye majina ya watoto wa upande mmoja ana shida ambayo mpiga chapa hawezi kumtatulia.

Yafaa pia kusema kadi haifanyi nini. Haimfanyi mtu kuwa mke wala mume. Kwa miongo mingi, hasa tangu uamuzi wa 1976 katika kesi ya Hortensia Wanjiku Yawe, mahakama zimekubali kudhani kwamba kuna ndoa pale watu wanapoishi pamoja kwa muda mrefu na kujulikana kuwa mume na mke. Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba dhana hiyo itumike kwa nadra, na kwa ushahidi mzito. Tangu tarehe 1 Agosti 2017 ndoa za kimila zinaweza kusajiliwa na kupewa cheti. Kwa wazazi wa makamo wenye ardhi, akaunti na majani chai yanayopelekwa kiwandani kwa jina la mmoja wao, hizo ni sababu za kutosha za kutafuta cheti hata kama hawataki sherehe. Wale wanaotaka sherehe waanze na cheti, kadi baadaye. Ilani ya ndoa hutakiwa kutolewa kwa Msajili angalau siku 21 kabla, na kadi iliyochapwa kabla ya tarehe kuthibitishwa huwa gharama ya mara mbili.

Kuhusu kutengeneza kadi yenyewe, sina mengi. Karatasi nzito ya A4 ikikunjwa mara moja inatoa kurasa nne, na hizo zatosha. Nje paachwe peupe, au paandikwe herufi za mwanzo za majina mawili. Maua ya dhahabu na njiwa waliojaa kwenye kompyuta za saiba hayana kazi hapa, kwani uzuri wa kadi ya Kifaransa ni nafasi tupu na mwandiko wa kulala. Ndani, kushoto: nyanya na babu wa upande wa mama. Kulia: wa upande wa baba. Chini, katikati, kitu kama hiki: "Pamoja na wazee wetu, sisi Chebet, Kiprono na Chepkemoi tuna furaha kuwatangazia kwamba baba na mama yetu, waliotulea kwa pamoja, watafunga ndoa kanisani." Kisha siku, saa, mahali, na majina kamili ya maharusi. Mzee asiyesoma Kiswahili aandikiwe Kikipsigis upande wa nyuma. Lugha mbili kwenye karatasi moja hazigombani. Mwaliko wa chakula uwe kadi ndogo peke yake, na wale watakaopata habari kwa picha ya WhatsApp watumiwe kadi kubwa tu. Waliochangia wataikuta heshima yao kwenye tangazo bila kuhesabiwa viti, na kamati itajua sahani ngapi za kupika.

Harusi nyingi huangukia Agosti na Desemba shule zikiwa zimefungwa, na wapiga chapa hulemewa na kazi majuma hayo. Anayepanga ya Desemba aandae maandishi mapema, bonasi ya chai ikilipwa mwezi wa kumi, na kabla ya kuyapeleka Bomet awasomee watoto rasimu mezani. Wakisema jina limekosewa, lirekebishwe siku hiyo hiyo.